Tela la Magunia Mawili

Mwaka 1879 tembo wanne kutoka India walishushwa ufukweni Msasani, karibu na Dar es Salaam. Gharama zao zilibebwa na Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji, na msafara uliongozwa na Kapteni Carter. Safari yao ilielekea Karema, kwenye ufuko wa Ziwa Tanganyika, mahali ambapo leo ni sehemu ya Mkoa wa Katavi. Kwenye karatasi hesabu ilipendeza: tembo mmoja angebeba mzigo wa wapagazi wengi, na njia ya bara ingefunguka. Karibu wote walikufa njiani au muda mfupi baada ya mwendo huo mrefu. Uzito wa mizigo waliyobebeshwa na chakula kisichowatosha vilitajwa miongoni mwa sababu. Carter mwenyewe aliuawa Mpimbwe mwezi Juni 1880.

Wamisionari wa London Missionary Society walikuwa wamepata somo kama hilo kabla yake. Mwaka 1876 Roger Price aliswaga ng'ombe kutoka Saadani hadi Mpwapwa, akaridhika kwamba magari ya kukokotwa yangepita. Mwaka uliofuata magari yaliingia njiani. Ng'ombe wakafa kwa wingi kwa ugonjwa wa mbung'o, na wamisionari waliofika Ujiji mwaka 1878 walifika bila magari hayo. Hesabu ilianza na gari, ikaja mzigo, na mnyama akafikiriwa mwisho.

Kosa hilohilo linarudiwa kwa udogo kila mwaka baada ya mavuno, familia za Mpanda, Nsimbo, Mlele na Mpimbwe zinapoweka fedha kidogo pembeni na kuamua kununua chombo cha kusombea mizigo ya nyumbani. Mnunuzi huenda kwa fundi wa kuchomelea, huona mkokoteni mkubwa uliopakwa rangi ukutani, na hununua ukubwa. Mnyama hutafutwa baadaye.

Katika nchi nyingine swali hili lina sura tofauti. Uingereza au Marekani, mwenye farasi mmoja hutafuta tela la bei nafuu la kumbebea farasi huyo, likivutwa na gari. Mjuzi hulianzia chini, kwa kukagua sakafu kama imeoza, kisha ekseli, kisha breki. Rangi na madirisha hutazamwa mwisho. Matela ya namna hiyo yapo pia Afrika Mashariki, hasa Kenya, kwenye mbio za farasi za Ngong na kwenye viwanja vya polo. Katavi hayana kazi, kwa sababu farasi wenyewe hawadumu. Misitu ya miombo ina mbung'o, ambao watu wengi wa magharibi mwa Tanzania huwaita ndorobo, na farasi ni dhaifu sana mbele ya nagana, ugonjwa wanaoueneza. Upo pia ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaosambazwa na usubi, ambao huweza kuua karibu kila farasi anayeupata. Pundamilia huubeba bila kuugua, na Hifadhi ya Taifa ya Katavi, iliyoanzishwa mwaka 1974 na yenye kilomita za mraba zipatazo 4,471, ina pundamilia wengi. Punda wa Afrika naye huupata ugonjwa huo, ila ni nadra kuonyesha dalili. Ndiyo maana mnyama wa kazi nyepesi hapa ni punda au maksai, naye yuko mbele ya tela akilivuta.

Kanuni ya wajuzi hao wa matela ya farasi, hata hivyo, inafaa palepale Mpanda: anza chini.

Kazi nyepesi lazima ipimwe kabla ya kuitafutia chombo. Dumu la maji la lita 20 lina kilo 20, na madumu kumi yanafanya kilo 200. Gunia la mahindi ambalo halijarundikwa lumbesa lina kilo 100 hivi, kwa hiyo magunia mawili nayo ni kilo 200. Mzigo wa kuni wa wiki kwa nyumba moja, samadi ya bustani, mahindi ya kupeleka mashineni, mabati machache ya kuezekea: karibu vyote vinaingia katika kipimo hicho hicho, au vinagawanyika kwa safari mbili. Mkulima wa tumbaku anayesomba kuni za kukaushia tumbaku ya bani zima, au mfanyabiashara anayekusanya mpunga wa majirani kuupeleka mashine ya kukoboa, ana kazi nzito, na yaliyoandikwa hapa hayamhusu sana.

Sasa mnyama. Punda wa kawaida wa Tanzania ana kilo 150, wengine pungufu. Mnyama anayefanya kazi kwa saa kadhaa huweza kuvuta mfululizo kwa nguvu inayokaribia sehemu moja ya kumi ya uzito wake, na punda huweza kuzidi hapo kidogo. Kwa punda huyo ni nguvu ya kilo 15 hadi 18. Upande wa pili wa mizani ni njia. Juu ya udongo mgumu uliokanyagika, mkokoteni wenye matairi ya upepo na beringi nzima hudai nguvu ya asilimia 4 hivi ya uzito wake wote ili uendelee kutembea. Kwenye mchanga mlaini au tope hudai asilimia 15, wakati mwingine zaidi. Mlima wa mita 5 kwa kila mita 100 za mwendo huongeza asilimia 5 nyingine.

Chukua mkokoteni wa kilo 90 na uweke kilo 200 juu yake. Jumla ni kilo 290, na njia ngumu ya tambarare inadai nguvu isiyofika kilo 12. Punda anapumua vizuri na bado ana akiba. Akikuta mlima huo mdogo anadaiwa kilo 26, ambazo atazitoa kwa mwendo mfupi kisha atahitaji kusimama. Akiingia kwenye mchanga anadaiwa zaidi ya kilo 40, na hapo lazima nusu ya mzigo ishuke.

Badilisha kitu kimoja tu. Mzigo ubaki kilo 200, mkokoteni uwe wa kilo 200 kwa sababu fundi alikuwa na vyuma vinene na ekseli ya gari zima. Tambarare peke yake inadai kilo 16, yaani nguvu yote ya punda kabla hajakutana na kilima wala shimo. Zile kilo 110 za ziada zinakwenda na kurudi kila siku, mzigo uwepo usiwepo. Mwenye mkokoteni ataona punda mvivu na atatafuta fimbo, na punda hana kosa lolote. Kwa asiyependa hesabu, kipimo cha haraka ni kwamba mkokoteni pamoja na mzigo wake usizidi uzito wa punda mara mbili.

Mkokoteni wa maksai una hesabu yake. Ulisambaa sana kusini-magharibi mwa Tanzania kutokana na wafugaji wa Kisukuma waliohamia kuanzia miaka ya 1970 na mifugo yao, wakiwa na plau na nira. Maksai wawili wa kilo 300 kila mmoja wana nguvu ya mfululizo ya kilo 60. Mkokoteni wa kilo 250 wenye magunia saba na nusu unafika kilo 1,000 na unadai kilo 40 kwenye njia ngumu. Ni chombo kizuri, na kwa familia ambayo tayari ina maksai wa kulimia, kuongeza mkokoteni ni uamuzi wa busara, kwa sababu wanyama hao wangekaa bure miezi mingi. Ila kununua maksai wawili, kuwafundisha, kuwalisha na kuwatibu kwa ajili ya madumu kumi ya maji ni kurudia safari ya tembo wa Leopold.

Baada ya mnyama, fedha ielekezwe kwenye ekseli na magurudumu. Hapa ndipo mkokoteni wa bei nafuu hupatikana au hupotezwa.

Mafundi wengi hutumia ekseli za magari yaliyochakaa, hasa pikapu. Ekseli ya nyuma hupendwa kwa kuwa ni bomba moja lililonyooka, lakini mara nyingi huja na difu lake katikati, donge la chuma na meno lisilo na kazi yoyote kwenye mkokoteni. Donge hilo huongeza uzito, hupunguza nafasi kati ya ekseli na visiki, na meno yake huzunguka bure kila gurudumu linapozunguka. Kwa mkokoteni wa maksai linavumilika. Kwa punda mmoja halifai hata likitolewa bure. Bora chuma kilichonyooka chenye habu na beringi pande mbili, hata kama fundi atadai fedha zaidi kidogo.

Ekseli fupi mbili zilizochomelewa kila moja upande wake huwa nyepesi zaidi, nazo ni nzuri mradi zimekaa sambamba. Kulijua hilo hakuhitaji kifaa cha gereji. Pima kwa kamba umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia kwa mbele, kisha pima kwa nyuma, kwenye kimo kilekile. Vipimo vikitofautiana kwa kidole kizima, magurudumu yanavutana: tairi litaisha upande mmoja, na punda atavuta breki isiyoonekana. Kisha inua upande mmoja, zungusha gurudumu kwa mkono na usikilize. Beringi nzima huzunguka kimya na kwa muda mrefu. Ukisikia kukwaruza, au gurudumu likicheza kushoto na kulia ukilishika juu na chini, fundi abadilishe kabla fedha hazijatoka mfukoni.

Magurudumu ya pikipiki yameenea kwenye mikokoteni midogo kwa sababu ni mepesi, ni makubwa na tairi zake zinapatikana kila senta. Ukubwa ni faida ya kweli, kwani gurudumu kubwa hupanda jiwe au mzizi kwa urahisi kuliko dogo. Tatizo ni spoku. Pikipiki ikikata kona hulala, na uzito hubaki umeelekea katikati ya gurudumu. Mkokoteni haulali. Unapokata kona au gurudumu moja linapotumbukia shimoni, uzito wote husukuma ubavuni, na rimu ya spoku haikutengenezwa kwa msukumo huo. Hupinda. Kwa kilo 150 kwenye njia iliyonyooka zitadumu. Kwa kilo 200 kwenye vijia vya mashambani, rimu za chuma za gari dogo zina usalama zaidi, ingawa huongeza kilo kadhaa. Magurudumu ya chuma kitupu hayapati pancha, na hiyo ni sifa kubwa mahali penye miiba ya migunga, lakini hudidimia kwenye udongo laini na hupiga mgongo wa mnyama kwa kila jiwe. Pampu ya mkono na viraka vya tyubu vina gharama ndogo kuliko mateso hayo.

Njia yenyewe inabadilika mwaka mzima, na Katavi ni mikoa miwili ndani ya mmoja. Kuzunguka Mpanda ardhi imeinuka, udongo mwingi ni mwekundu au wa kichanga, na barabara kubwa ya kwenda Tabora ina lami. Ukishuka bonde la Rukwa, upande wa Usevya, Kibaoni na Majimoto, unakuta mbuga za udongo mweusi unaonata. Mvua zinaponyesha, Novemba hadi Aprili, udongo huo hujaa kwenye matairi mpaka gurudumu linakuwa zito kama jiwe la kusagia. Mnunuzi wa bonde anahitaji tairi pana na mkokoteni mwepesi kuliko wa Mpanda, na akubali kwamba kuna wiki ambazo hautatoka nyumbani. Anayeshuka kuelekea Karema ana shida nyingine, mteremko. Mikokoteni mingi haina breki kabisa, na mzigo humsukuma mnyama kwa nyuma. Kipande cha mbao ngumu kinachobanwa kwenye tairi kwa mkono wa chuma ni kazi ya nusu siku kwa fundi yeyote, na kwenye miteremko si cha hiari.

Bodi haina mengi. Jukwaa la mita moja na nusu kwa mita moja linatosha. Likitengenezwa kwa mbao za mninga za inchi moja lina kilo 24 hivi, kwa inchi mbili uzito huo unakuwa mara mbili bila faida kwa mzigo huu. Mninga hustahimili mvua na mchwa na hauchezi ukikauka. Mbao ziwe zimegongwa nyundo ya Wakala wa Huduma za Misitu, kwa sababu mbao za magendo ndizo zinazomaliza pori. Kati ya ubao na ubao paachwe upenyo mdogo wa maji kutoka. Kingo ziwe za kuchomoa, ili siku ya kuni zikae na siku ya mabati zitoke.

Mahali ambapo wanyama huumia zaidi ni pale wanapounganishwa na mkokoteni. Nira ya ng'ombe hukaa mbele ya nundu, na ng'ombe husukuma kwa shingo na mabega. Punda hana nundu. Akivishwa nira, ubao humkata juu ya mabega na kamba humkaba koo, na vidonda vinavyoonekana kwa punda wengi wa mizigo vimetoka hapo. Punda huvuta kwa kifua: mkanda mpana unaopita mbele ya kifua chini ya koo, mwingine unaoushikilia juu ya shingo, na kitandiko chenye pedi mgongoni cha kubeba uzito wa miti ya kuvutia. Mkanda unaweza kukatwa kwenye turubai nene au mkanda wa gari na kuwekwa nguo ya pamba kwa ndani. Kamba ya nailoni tupu haifai kwa namna yoyote. Familia isiyo na fedha za mikanda hiyo haijawa tayari kununua mkokoteni, na isubiri msimu mmoja. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamlinda punda dhidi ya mateso kama ilivyo kwa wanyama wengine, lakini mkanda mzuri humfikia mapema kuliko sheria.

Jambo linaloendana na hilo ni mizani ya mkokoteni wa magurudumu mawili. Mzigo ukikaa nyuma ya ekseli, miti ya kuvutia huinuka na kumnyanyua punda tumboni. Ukikaa mbele mno, humkandamiza mgongo. Madumu yapangwe juu ya ekseli, na uzito uzidi kidogo mbele, kiasi kwamba mtu mmoja anaweza kuinua miti kwa mkono.

Punda mwenyewe asianze kuvuta kabla ya kutimiza miaka mitatu au minne, na anunuliwe kwa mtu anayejulikana. Mahitaji ya ngozi yake kwa ajili ya dawa ya Kichina iitwayo ejiao yaliletea Afrika Mashariki wizi wa punda, hadi Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika walipokubaliana kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Wanaoishi karibu na Sitalike na mapori mengine ya mbung'o waweke pia bajeti ya tiba ya nagana na dawa ya kunyunyizia, kwa ushauri wa ofisa mifugo wa kata. Mbung'o huvutwa na kitu kinachotembea na pia na rangi nyeusi na bluu, kwa hiyo turubai la bluu, ambalo limejaa madukani, ndilo la mwisho kufunika mzigo unaopita porini.

Wapo watakaouliza kuhusu injini. Guta la magurudumu matatu, ambalo wengine huliita toyo, hubeba zaidi na hufika haraka, na mjini Mpanda linapata kazi kutwa nzima kati ya soko, stesheni na maghala. Kwa mwenye kazi ya kutwa, ni chombo sahihi. Kwa nyumba yenye madumu kumi, linalala, huku mafuta, leseni, vipuri na marejesho ya mkopo havilali. Pawatila, yale matrekta madogo ya mkono, nazo zilifika kwa wingi zama za Kilimo Kwanza, mpango uliozinduliwa mwaka 2009, wakati Waziri Mkuu alikuwa Mizengo Pinda, mwana wa Kibaoni. Katika maeneo mengi zilionekana zaidi zikivuta tela barabarani kuliko zikilima. Kwa mwenye pawatila tayari, tela lake ni nyongeza nzuri. Kuinunua kwa ajili ya tela pekee ni gharama isiyorudi kwa kazi nyepesi.

Njia ambayo husahaulika ni kukodi au kushirikiana. Nyumba tatu za jirani zinaweza kuwa na mkokoteni mmoja na punda wawili wanaopokezana, kila mmoja akipata siku ya kupumzika. Ugomvi wa vyombo vya pamoja huanzia kwenye pancha na dawa, kwa hiyo kikopo cha michango kiwekwe tangu siku mkokoteni unapotoka kwa fundi.

Kwa wanaonunua uliotumika, ukaguzi ni uleule wa chini kwanza: ekseli, beringi, rimu, viungo vya kuchomelea, kisha mbao. Kiungo kilichopakwa rangi mpya mahali pamoja tu kikwanguliwe kwa kisu, maana rangi ya juzi mara nyingi imefunika ufa. Mkokoteni mpya nao uvutwe wiki ya kwanza ukiwa na madumu matano, kisha nati zote zikazwe upya, kwa sababu mbao zilizokuwa mbichi zitakuwa zimesinyaa. Kabla ya safari yoyote ya alfajiri kwenye barabara ya Sumbawanga, vibao viwili vyekundu vya kuakisi mwanga vifungwe nyuma, kimoja kila kona. Malori ya mahindi hupita hapo gizani, na dereva anahitaji kuuona mkokoteni akiwa bado mbali.